Fensi ya shosho si uchafu

Ukitafuta kwenye simu jinsi ya kuondoa mtambaazi uliozidi kwenye fensi, utaletewa video za Waingereza. Mzee amevaa glavu safi, anabandua aivi kwenye ukuta wa matofali polepole kama mtu anayemvua mtoto sweta, halafu anakunywa chai. Video ni tamu, siwezi kudanganya. Shida ni kwamba mtambaazi wa huyo mzee na ule wa kwetu si ndugu, na ukuta wake na fensi ya kwetu hazifanyi kazi moja.

Aivi inashikilia tu. Ina majani yake, ina mizizi yake ardhini, inajipikia. Ukuta au mti kwake ni ngazi. Lakini ile kitu ya njano ambayo umeona ukiwa kwenye matatu, imelala juu ya fensi na miti kama tambi zilizomwagwa na mtu aliyekasirika, hiyo ni hadithi nyingine. Haina majani. Ikishaota na kupata mti wa kushika, hata mzizi wa ardhini inautupa. Inajizungusha kwenye tawi, inadunga vitu kama sindano ndani ya ganda, na kuanzia hapo maji na chakula ni vya mwenye mti. Wanasayansi wanaita Cuscuta, magazeti yetu huandika dodder, na Kiswahili cha Pwani tangu zamani kina neno mlangamia kwa mtambaazi wa aina hii usio na majani. Mtaani ni "tambi" tu. Nitatumia tambi.

Kuna watu wawili nataka kubishana nao leo. Wa kwanza ni yule anayesimama mbele ya tambi anapiga picha, ati fensi imepata blichi. Wa pili ni yule anayekuja na panga na kusema fyeka yote, leta ukuta wa mawe, mambo ya fensi ya miti ni ya ushago. Huyu wa pili ndiye hatari zaidi, na kwetu Ngoliba yuko kwenye familia. Wako watatu, ni wajomba zangu, na nawapenda.

Kwa wasiojua, Ngoliba iko mashariki ya Thika. Unatoka mjini kwa barabara ya Garissa, unaacha ubaridi nyuma, jua linaanza kukusalimia kwa jina, na mbele yako kuna mlima mmoja umekaa peke yake kama aliyefukuzwa na wenzake. Huo ni Kilimambogo, au Ol Donyo Sabuk kwenye ramani, mita 2,145. Shosho ana ploti huko. Ploti imezungukwa na kaiyaba, na kaiyaba imevamiwa na tambi pande mbili kati ya nne. Hiyo ndiyo habari yote. Lakini ili uelewe kwa nini mwanamke wa miaka zaidi ya 80 aliweka kiti chake katikati ya fensi na vijana wenye panga, lazima turudi nyuma kidogo.

Tuanze na ua moja linaloitwa itoka.

Kabla ya wazungu, mpaka wa shamba kwa Wakikuyu ulikuwa unapandwa. Itoka ni yungiyungi lenye kitunguu chini ya ardhi, na lilipandwa kwenye mstari wa mpaka pamoja na miti fulani, wazee wakiwa wamesimama hapo kama mashahidi. Jomo Kenyatta aliandika kuhusu sherehe hizi kwenye Facing Mount Kenya mwaka wa 1938. Kung'oa alama ya mpaka halikuwa kosa dogo la majirani kununiana, lilikuwa jambo zito mbele ya wazee na mbele ya wafu. Na angalia akili ya kuchagua huo mmea: ukikata majani, kitunguu kinabaki. Ukichoma nyasi, kitunguu kinabaki. Halitambai kwenda kwa jirani, halikui likawa msitu. Linakaa pale pale na kukumbuka. Wachagga kule Kilimanjaro wana isale, linalofanya kazi hiyo hiyo ya mpaka, na juu yake ni jani la kuombea msamaha. Yaani mmea mmoja unaonyesha mwisho wa shamba lako na pia unakusaidia ukimkosea jirani. Sisi tuna bikoni za saruji ambazo hazisaidii kitu ukimkosea mtu.

Sasa, Ngoliba haikupata muda mrefu wa mambo ya itoka chini ya utawala wa mkoloni. Sehemu hizi ziliingia kwenye nchi iliyotengewa wazungu. Mmarekani William Northrup McMillan alikuwa na shamba kubwa la Juja, na mwaka wa 1909 Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu kuwa rais wa Marekani, alifikia hapo kwa mambo yake ya kuwinda. McMillan alikufa mwaka wa 1925 na kaburi lake liko kwenye Kilimambogo, mbuga nzima sasa inamlinda. (Maktaba ya McMillan pale Nairobi, iliyofunguliwa 1931, ni jina hilo hilo. Ukienda kusomea pale, jua aliyekukaribisha analala karibu na kwetu.)

Na kulikuwa na mkonge, makonge yenyewe, mistari na mistari hadi macho yachoke. Mkonge si wa huku. Asili yake ni Meksiko, na Afrika Mashariki uliletwa mwaka wa 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, upande wa Tanganyika. Mimea 62 tu ndiyo ilifika ikiwa hai. Nakutajia hii kwa sababu kuna watu wakiona tambi husema "mimea ya kigeni imetuharibia mazingira" kana kwamba kabla ya hapo tulikuwa bustani ya Edeni. Ngoliba yenyewe ilipandwa kigeni. Kaiyaba ambayo tunapigania ni ya kigeni pia: imetoka Afrika Kusini, na jina lake ni la mto Kei wa huko, limepita midomoni mwetu likawa kaiyaba. Ndilo jina lile lile la Mukuru Kayaba. Ina miiba mirefu kama kidole na matunda ya njano machachu ambayo kila mtoto wa ushago ameshakula na kukunja uso. Suala kwangu si mmea umetoka wapi. Suala ni unafanya nini hapa na unaishi kwa jasho la nani.

Mambo ya fensi yalibadilika kabisa wakati wa imajensi.

Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Kuanzia 1954 serikali ya kikoloni iliwahamisha zaidi ya watu milioni 1, Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakatolewa kwenye nyumba zao zilizotawanyika na kuwekwa kwenye vijiji zaidi ya 800, vingi vikiwa na mitaro na ulinzi. Shosho alikuwa mtoto wa miaka 10 hivi, upande wa Kandara. Mwaka huo huo wa 1954 ukaja mpango uliobeba jina la afisa wa kilimo aliyeuandika, Swynnerton. Kwa ufupi: vipande vidogo vya shamba ambavyo familia ilikuwa navyo hapa na pale vikusanywe viwe shamba moja, lipimwe, liandikishwe, mwenye shamba apewe hati, aruhusiwe kahawa. Kwenye karatasi inasomeka vizuri. Lakini fikiria ni nani alikuwa nyumbani wakati wa kupima. Maelfu ya wanaume walikuwa kizuizini au msituni. Kuna waliorudi wakakuta shamba lao limekuwa la mtu aliyebaki akishirikiana na serikali. Kule Fort Hall, ambayo leo ni Murang'a, udanganyifu ulizidi hadi kazi ikabidi irudiwe.

Hapa ndipo fensi inaingia. Kupima kila shamba kwa vyombo, kona kwa kona, kungechukua miaka mingi na pesa nyingi. Serikali ilikuwa na haraka. So wakachagua njia ya mkato: mistari ichorwe ardhini, kila mwenye shamba apande ua wa miti kwenye mpaka wake, na ramani zitengenezwe kwa kutumia picha za ndege. Ua lazima ukue vizuri ili uonekane kutoka angani. Soma tena hiyo sentensi. Watu waliambiwa wapande fensi ili ndege iwaone.

Hiyo ndiyo asili ya ile sura ya Kiambu na Murang'a ambayo tunaiona ya kawaida, mashamba marefu yameteremka hadi mtoni, kila moja limepakana na jirani kwa mstari wa kijani. Watu hudhani ni urembo wa mababu. Ni karatasi ya serikali iliyoandikwa kwa miti, na iliandikwa wakati wenye mashamba wengi walikuwa nyuma ya seng'enge. Na hapo hapo, ukimuuliza shosho, atakwambia kitu kingine ambacho hakiko kwenye vitabu vya shule: mama yake alipanda fensi hiyo kwa mikono yake, na akalala usingizi kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Yote mawili ni kweli. Sitachagua moja ili nipate hadithi safi.

Sheria bado inafikiri hivyo. Wengi wenu mnadhani mpaka wa shamba ni ile laini kwenye ramani. Sivyo, si kila mahali. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 18, inasema ramani ya usajili inaonyesha mpaka kwa kukadiria tu, isipokuwa pale ambapo mpaka umepimwa na kuthibitishwa rasmi. Mkigombana, hata mahakama haitawasikiliza kabla msajili wa ardhi hajashughulikia mpaka wenyewe. Kifungu cha 20 kinamtaka mwenye ardhi atunze alama za mpaka wake, na fensi na ua wa miti zimetajwa mle mle pamoja na mawe na bikoni. Kinachofuata, cha 21, kinafanya kuharibu alama hizo kuwa kosa la jinai. Kwa hivyo mjomba akisema "hii ni miti tu", sheria inamwambia: kaa chini, mzee.

Turudi Ngoliba. Baada ya uhuru, mashamba makubwa upande wa Thika na Ruiru na sehemu nyingi za nchi yalinunuliwa na kampuni na vikundi. Watu wa kawaida walichanga, wakapewa cheti cha hisa, wakangoja kugawiwa. Shosho alichanga na wanawake wenzake miaka ya sabini, pesa za kahawa na za kushona. Sitataja kampuni, na ukiniuliza sijasikia. Kuna walioonyeshwa ploti leo, kesho wakaambiwa ploti ni ile nyingine. Kuna cheti kimoja kilichokuwa na wenyewe wawili. Hati miliki ya shosho ilikuja miaka zaidi ya ishirini baada ya kulipa. Katika miaka hiyo yote alikuwa na nini mkononi? Alikuwa na karatasi ya hisa iliyokunjwa ndani ya Biblia, na alikuwa na kaiyaba.

Hakuna ndege iliyomwagiza. Ngoliba ilikuwa shamba la mzungu, iligawanywa kwa bikoni, na hakukuwa na chifu wa kumsimamia apande. Alipanda kwa sababu ndivyo alivyoona mama yake akifanya. Mbegu alizitoa kwa matunda ya Kandara, akazikausha juu ya gazeti, akasafiri nazo. Maji alibeba kichwani, kwa sababu hii ni nchi ya jua, si ya mvua kila wiki. Bikoni zenyewe leo ni moja tu inayoonekana. Nyingine tatu zimefukiwa, zimeng'olewa na plau, au zimeota miguu. Bikoni za Kenya zina tabia ya kutembea usiku. Kaiyaba haijatembea. Na kwenye kila kona, ndani kabisa ya miiba, amepanda itoka. Niliziona mwaka huu kwa mara ya kwanza. Nimekuwa nikienda Ngoliba tangu nikiwa mtoto na sikuwa nimewahi kuambiwa, labda kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Basi tambi zikaja.

Kuhusu tambi tuna kazi nzuri sana iliyofanywa hapa hapa Thika Road. Mwaka wa 2021, Joel Masanga, Steven Runo na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walichapisha utafiti kwenye jarida la Plant Physiology. Walipata aina tatu huku kwetu. Moja, Cuscuta kilimanjari, ni ya Afrika Mashariki, mwenyeji. Ya pili, Cuscuta campestris, ilishazoea hapa, na duniani imesambaa sana kwa kujificha kwenye mbegu za mimea ya shambani. Ya tatu ndiyo jitu lenyewe, Cuscuta reflexa kutoka Asia Kusini, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuthibitishwa katika bara la Afrika. Si Kenya, bara zima. Hazichagui sana, zilikutwa kwenye mimea ya makundi 13 tofauti ya mimea ya maua. Halafu wakaijaribu hiyo ya Asia kwenye chai, kahawa na maembe. Yote matatu ilidunga na kuunganisha mirija yake na ya mti. Mwembe peke yake ndio uliopigana ukashinda. Chai na kahawa, zile ambazo babu zetu walikatazwa kupanda kisha wakaruhusiwa kisha wakasomesha watoto nazo, hazikuweza.

Kwa hivyo ndugu yangu wa selfie, hiyo "blichi" ndiyo inayokuja kwa kahawa ya Gatundu. Na nimeona watu wakikata kipande na kwenda nacho nyumbani kurembesha fensi yao. Kipande! Tambi haihitaji mbegu ili ianze, kipande kidogo kikiangukia tawi bichi kinajifunga na maisha yanaendelea. Watoto wakirushiana njiani, wanapanda. Mtu akifyeka fensi yake na kutupa takataka kando ya barabara juu ya lantana, amepanda. Lori likiburuta matawi, limepanda kilomita nzima.

Mkutano wa familia ulikuwa Aprili, chini ya mwembe. Wajomba walikuwa na hoja na sitazifanya za kijinga, kwa sababu hazikuwa za kijinga. Fensi inakufa. Upande wa barabara kaiyaba zilikuwa zimekauka kabisa sehemu ya mita kumi hivi, unaweza kupitisha ng'ombe. Kunyunyizia dawa ya magugu haisaidii, dawa inayoua tambi inaua na mti wenyewe. Kukata kila mwaka ni kazi, na nani yuko Ngoliba wa kuifanya? Wote wako Ruiru, Juja, Kasarani. Ukuta wa mawe unajengwa mara moja. Mjomba mdogo alikuwa hata amepata bei ya mtu wa tingatinga, asubuhi moja na kila kitu kimeng'olewa, ardhi inabaki nyeupe kama meza.

Shosho aliuliza swali moja. "Mkishang'oa, mtajenga ukuta wapi?"

Mjomba akasema, si pale pale.

"Pale wapi?"

Kimya. Kwa sababu fensi ikishaondoka, "pale" inaondoka nayo. Kaiyaba ya miaka arobaini na kitu ina upana wa mita mbili na nusu. Mpaka uko katikati yake? Uko kwenye shina? Shina la nani, kama zimechipua pande zote? Ploti jirani iliuzwa mwaka juzi kwa watu ambao hatujawahi kuwaona, tumeona tu bango la simu. Ngoliba si ile ya mbali tena. Ardhi imekuwa na bei, na mahali ambapo ardhi ina bei, mita moja ina mawakili. Ukishusha fensi Jumatatu kwa tingatinga bila jirani kuwepo na bila mpima ardhi, Jumanne umempa mtu yeyote nafasi ya kusema mpaka ulikuwa popote anapopenda.

Mimi nilikuwa upande wa shosho kabla hajamaliza kuuliza. Na hapa ndipo nawaambia watu wa rika letu, tunaorithi hizi ploti au tutakaotumwa kuzisafisha: hiyo fensi mnayoiona kama uchafu wa ushago ni ushahidi. Kwa wengi wa shosho zetu ndio ushahidi wa pekee walioutengeneza wenyewe, bila kalamu ya mwanaume, bila muhuri wa ofisi yoyote. Hati inaweza kuandikwa mara mbili. Nimeshawaambia kuhusu cheti kile. Kaiyaba ya miaka 40 haiwezi kupandwa usiku mmoja na mtu mwenye marafiki wazuri ofisini.

Lakini kuacha tambi ziendelee eti tunaheshimu fensi ya shosho, hiyo ingekuwa unafiki. Fensi iliyoachwa ikanyonywa hadi ikafa inafika mahali pale pale tingatinga lingeifikisha, polepole tu. Kwa hivyo tulikata, na hivi ndivyo tulivyokata.

Kwanza tulimwita mzee jirani wa upande wa magharibi, ambaye amekuwa hapo karibu miaka sawa na shosho, na mzee wa nyumba kumi. Kwa wale wa bango tulipiga simu hadi mtu akatumwa. Kabla ya panga kugusa kitu, mpima ardhi aliangalia ile bikoni moja iliyobaki, akapima, na tukapiga vigingi vya chuma kwenye mstari, watu wote wakiangalia. Nilipiga picha kila kigingi na watu wakiwa wamesimama kando yake. Ni itoka na wazee, tu kwamba kuna simu.

Halafu kazi. Tambi hukatwi ukizivuta kama uzi, zile sindano hubaki ndani ya tawi na zinachipua tena. Unakata tawi lenyewe, chini ya pale tambi iliposhika ya mwisho. Kwa fensi yetu hiyo ilimaanisha kushusha kaiyaba upande wa barabara hadi magotini, na upande wa magharibi hadi kifuani. Inatisha kuangalia. Lakini kaiyaba ni mti mkaidi, shina likiwa hai linachipua. Kila tawi liliingia kwenye gunia pale pale lilipokatwa, hakuna kuburuta. Glavu za ngozi, shati la mikono mirefu, na bado nilitoka na mikono kama niliyepigana na paka. Magunia yalikaa juani hadi yakakauka, kisha tukachoma ndani ya shimo. Tulifanya kabla ya maua kufunga mbegu sehemu nyingi, si zote. Mbegu ya tambi inaweza kulala kwenye udongo zaidi ya miaka 10 ikingoja, kwa hivyo mtu asikwambie umemaliza.

Itoka tuliziacha. Binamu yangu alikuwa ameshainua jembe kwa moja, akidhani ni kitunguu cha mwitu. Shosho hakupiga kelele, alisema tu jina lake lote, majina matatu, na jembe likashuka.

Ile sehemu ya mita kumi iliyokufa kabisa, hapo tumeweka nguzo na waya kwa sasa, na mbele ya waya tumepanda miche ya kaiyaba. Wajomba walitaka mawe hapo angalau. Wamekubaliwa lango la chuma, lile kubwa, lenye rangi wanayotaka. Wamechagua ya maruni.

Kuanzia Juni machipukizi ya kijani yametoka kwenye mashina karibu yote ya upande wa magharibi. Kwenye matatu niliona uzi wa njano, mwembamba, urefu wa kidole, nikakata na tawi lake. Jirani mzee ana tambi kwenye duranta yake upande wa pili wa njia, na ukweli ni kwamba tusipozitoa hizo zitarudi kwetu kabla ya Desemba. Jumamosi tunaenda kwake, watu sita. Amesema magunia anayo, makasi tubebe.